Sarafu za dola za rangi ya dhahabu, mbona zinageuka nyeusi?

TuktukKisauni
Assalam aleikum na habari zenu nyote. Nina jambo linanizungusha kichwa, kila nikiuliza pale steji napewa jibu tofauti, nikaona nililete hapa kwa wajuzi.

Mimi naendesha tuktuk, sanasana upande wa Mji wa Kale. Kuna siku meli ya watalii iliingia Kilindini nikapata mzee mmoja Mmarekani na mkewe, nikashinda nao kutwa nzima, tukaenda Ngomeni, tukaenda Marikiti wakanunua iliki na pilipili manga, tukasimama mahali wakala viazi karai mpaka yule mama akamwagikiwa na ukwaju kwa nguo nyeupe tukacheka sana. Jioni wakanilipa vile tulikubaliana alafu mzee akatia mkono mfukoni akanipa sarafu nne, ati hii ni zawadi, kila moja ni dola moja. Jamani zilikuwa zinang'aa! Rangi ya dhahabu tupu. Tatu zina picha ya mwanamke amebeba mtoto mgongoni kama mama zetu wanavyobeba na leso, nyuma tai anapaa, na ya nne ina mzee wa Kizungu upande mmoja na upande wa pili ile sanamu ya New York imeinua mwenge.

Sasa imepita kama miezi minane. Moja ya yule mwanamke nilimpa mamangu akaifunga kitambaa akaitia ndani ya kasha lake. Mbili, ya mwanamke na ya mzee, nikaziacha kwa tuktuk ndani ya kile kidebe cha chenji, nikawa naonyesha abiria, kila mtu anashika anageuza ananirudishia. Ya mwisho niliiweka juu ya noti chache nikafunga na ule mpira wa kufungia pesa nikatupa kwa droo. Juzi nikazitoa zote nizipange pamoja nikashtuka. Ya mamangu bado inawaka. Zile za kidebe zimekuwa rangi ya chai ya rangi iliyolala, tena pale kwa pua na shavu la yule mwanamke ni manjano lakini pembeni yote ni kahawia karibu nyeusi. Ile ya droo nayo ina mstari mweusi umekata katikati kama mtu ameichora na makaa.

Nikazipeleka benki moja mjini, dada akazitazama kama nimempelekea vizibo vya soda, akasema sarafu za nje hawapokei. Stejini mmoja asema ni feki, mwingine asema dhahabu ya juu imekwanguka. Ni ipi kweli? Na mbona zilikuwa pacha na sasa kila moja ina rangi yake? Na nikitaka zirudi vile zilivyokuwa nizisugue na nini?


MsemaKweliBamburi
Kakangu pole, umepigwa mchana kweupe. Dhahabu haigeuki rangi, muulize mtu yeyote. Kama imegeuka basi si dhahabu, na kama si dhahabu basi ni feki. Mtalii amekula viazi vyako bure.


FundiKibokoni
We Bamburi umeanza vizuri ukamaliza vibaya. Kwamba dhahabu haigeuki, sawa. Kwamba si dhahabu, sawa. Lakini feki imetoka wapi? Nani alisema dola ya sarafu ni dhahabu?

Mwanangu wa tuktuk sikiza. Mimi nimekaa kwenye kazi ya dhahabu na fedha tangu ndevu hazijaota na hizo sarafu nshaletewa mara nyingi, mtu anakuja ameificha kwenye ngumi ananinong'oneza "ami nipimie hii". Sihitaji hata kuichora kwa jiwe wala kutia asidi, naiweka kwa mizani tu. Inasoma gramu 8.1. Sarafu ya upana ule, milimita 26 na nusu, karibu na ishirini bob yetu, na unene wa milimita mbili, ingekuwa dhahabu safi ingekaribia gramu 18. Dhahabu ni nzito, ukiitia kiganjani mkono wenyewe unajua. Kwa hiyo hakuna dhahabu ndani, hakuna dhahabu juu, haikupakwa, wala hakuna kilichokwanguka. Hiyo ni shaba tu, ya kuchanganywa.

Na shaba mwajua tabia yake. Lile dele la muuza kahawa tungu unaloliona usiku linawaka kama jua, yule bwana alisugue kila siku ndio liwe vile. Mwache augue wiki mbili arudi alikute limekuwa kama sufuria ya pilau ya harusi. Sarafu yako ni dele ambalo halijasuguliwa, basi. Watu wanashangaa kwa sababu wao walidhani ni kidani.


BiMwana_Makadara
Afadhali mumeizungumzia hii maana mimi nina kesi yangu. Shemeji yangu anakaa Marekani, Idi moja alikuja na mfuko mzima wa hizo dola akawapa watoto mkono wa Idi, nyumba nzima ikawa kelele za sarafu. Wangu wawili walizichezea mpaka zikawa nyeusi, nikasema hizi naziosha kama nilivyomuona bibi akiosha masinia ya shaba, ukwaju uliolowekwa na majivu ya jikoni, sugua sugua. Haki ziling'ara. Lakini si dhahabu tena! Zimekuwa za pinki, rangi ya kamba aliyechemshwa. Na baada ya mwezi hivi zikarudi kuwa nyeusi kuliko mwanzo, tena kwa mabaka mabaka kama ngozi yenye vibarango. Masinia ya bibi hayakuwa hivyo. Nilikosea wapi ami fundi?


FundiKibokoni
Bi Mwana hapo pa pinki wanishinda kueleza kitaalamu, najua hutokea, hata bangili za shaba zikikaa sana kwa asidi hutoka na wekundu. Mwalimu wa kemia humu si yupo? Na aje.


MwalimuChumviNaSumaku
Nimeitwa nimekuja, nilikuwa nasahihisha mitihani na hii ni tamu zaidi. Nitaandika kirefu mnivumilie.

Kwanza tujue sarafu yenyewe imetengenezwa na nini, kwa sababu jibu lote liko humo. Ni kama sandwichi. Katikati ni shaba nyekundu tupu, na hiyo ni nusu ya sarafu yote. Juu na chini kuna tabaka la mchanganyiko: katika kila sehemu 100, shaba ni 77, zinki 12, manganizi 7 na nikeli 4. Ukipiga hesabu ya sarafu nzima unapata shaba asilimia 88 na nusu. Kwa hiyo Msema Kweli ile "dhahabu" ni shaba karibu yote, na ule umanjano unatoka kwa hao wengine waliochanganywa nayo.

Shaba ikikutana na hewa inavutana na oksijeni, inapata ngozi nyembamba, kwanza ya wekundu wa hudhurungi kisha inazidi giza. Ikikutana na salfa inafanya ngozi nyeusi zaidi. Ikikutana na chumvi na unyevu inaweza kufika mpaka ile kutu ya kijani. Manganizi naye ni mwepesi wa kushikana na oksijeni kuliko shaba, na oksidi zake ni kahawia na nyeusi. Zinki pia hayuko nyuma. Kwa hiyo hapo juu ya sarafu una metali tatu zote zinagombania hewa, na nikeli aliyetiwa wa kutuliza mambo ni 4 tu, hawezi vita hivyo.

Lakini sasa, hewa peke yake ni mvivu. Aliyefanya kazi kubwa ni mkono. Jasho lina chumvi, ile ile ya bahari, lina asidi kidogo, lina mafuta. Mtu akishika sarafu anaiachia utando wa hayo yote, na hapa Mombasa mwezi wa pili huo utando haukauki, unakaa na unyevu siku nzima. Hewa yetu yenyewe ina chumvi, tazama magrili ya madirisha ya jirani yako. Ndugu wa tuktuk unasema kila abiria alishika akageuza. Hao abiria ndio waliopaka rangi.

Sasa nisome kesi zako moja moja. Ya mama: haikushikwa, kitambaa kimekauka, kasha limefungwa, haina wa kuisumbua. Za kidebe: mikono, jasho, vumbi, na kugongana na bob nyingine. Na hilo la pua na shavu kuwa manjano si ajabu, sehemu zilizoinuka zinasuguliwa na vidole na sarafu nyingine kila siku kwa hiyo ile ngozi haipati nafasi ya kukaa, bali kwenye mabonde kuzunguka uso hakuna anayefika, uchafu na oksidi vinajazana. Ni kama ngazi za nyumba za zamani, katikati zinang'aa pembeni nyeusi.

Ya droo ndiyo niliyoipenda. Ule mstari mweusi uko mahali mpira ulipopita, sivyo? Mpira unakomazwa kwa salfa kiwandani, na salfa hiyo inaendelea kutoka polepole. Umeifunga sarafu ya shaba na kamba ya salfa miezi minane. Ilikuandikia.

Bi Mwana, ukwaju una asidi ya tartariki na ndimu ina ya sitriki. Asidi hizo zinakula ile ngozi nyeusi vizuri sana, ndiyo maana masinia yalisafishika. Lakini ukiziacha zikae, hazichukui ngozi peke yake, zinaondoka na zinki na manganizi wa juu upesi kuliko shaba, kwa hiyo uso wa sarafu unabaki na shaba nyingi na shaba tupu ni nyekundu. Hiyo ndiyo pinki yako. Majivu nayo yanakwaruza. Uso mpya uliokwaruzwa, una vishimo, na pengine asidi haikuoshwa yote, basi jasho la kwanza likapata mahali pa kulala. Mabaka. Bibi sinia lake alilisugua tena ijumaa iliyofuata, wewe ulisugua mara moja ukaondoka.


MsemaKweliBamburi
Haya mwalimu nimekubali si feki, nimeinua mikono. Lakini hunijibu hivi: mimi nina robo dola, yule mweupe, niliokota ufukweni miaka mingi, iko kwa funguo zangu, jasho ndio nyumbani kwake. Mbona haijageuka kuwa chai? Nayo si ni ya Marekani hao hao?


MwalimuChumviNaSumaku
Swali zuri, na nakushukuru kwa kuinua mikono maana wengi hawainui.

Itazame robo dola yako ubavuni. Unaona mstari mwekundu? Huo ni moyo wa shaba tupu, sawa na wa dola. Ila tabaka la juu ni shaba 75 na nikeli 25, hakuna manganizi wala zinki. Nikeli ikiwa nyingi hivyo inafanya ngozi nyembamba ngumu inayojifungia yenyewe, chumvi inagonga mlango haifunguliwi. Inafifia, haigeuki hudhurungi. Bob yetu moja ni hadithi nyingine kabisa, iendee na sumaku uone inavyoruka, ndani ni chuma na juu kuna nikeli nyembamba, kwa hiyo ikikwaruzwa ndani inatoa kutu nyekundu ya chuma, siyo hii ya shaba.

Utaniuliza basi kwa nini Wamarekani wasitumie hiyo hiyo ya robo kwa dola. Walitumia. Mwaka 1979 walitoa dola nyeupe yenye picha ya Susan B. Anthony, milimita 26 na nusu, na robo ni 24.3, zote nyeupe, zote zina meno ubavuni. Watu wakawa wanalipa dola wakidhani ni robo. Ikachukiwa. Mwaka 1997 ikapitishwa sheria kwamba dola mpya iwe ya rangi ya dhahabu na ubavu wake utofautiane. Lakini kulikuwa na mashine za kuuza soda na tiketi nchi nzima ambazo tayari zilijua dola ile nyeupe, nazo mashine hazitazami rangi, zinapima ukubwa, uzito na jinsi umeme unavyopita. Kwa hiyo mafundi walitakiwa kuleta sarafu ambayo jicho linaiona dhahabu na mashine inaiona ni ile ile nyeupe. Wakahangaika na michanganyiko, ndipo manganizi akaingia, yeye ndiye aliyefanya umeme ulingane. Mwaka 2000 ikatoka. Kwa hiyo mnaweza kusema weusi wa kidebe cha tuktuk Mombasa umesababishwa na mashine za soda za Marekani, na hamtakuwa mmedanganya sana.


SarafuZaZamani_Nyali
Nimechelewa lakini hapa ndipo nyumbani. Nakusanya sarafu miaka na miaka, mke wangu ananiambia mimi ni kama ndege kunguru, kila king'aacho.

TuktukKisauni naomba kabla hujafanya chochote WACHA KUSUGUA. Usitie ukwaju, usitie ndimu, usitie dawa ya meno, usitie soda. Mkusanyaji akipewa sarafu mbili, moja ya kahawia haijaguswa na nyingine inawaka imesuguliwa, atachukua ya kahawia. Ile ngozi mwalimu anayoieleza, ikikaa vizuri taratibu sisi tunaipenda, kuna zinazogeuka dhahabu iliyoiva, zambarau ubavuni, rangi ya mafuta yaliyomwagika kwa maji. Ukitaka kuitoa vumbi, maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida tone moja, usuuze sana, uikaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini, usifute. Basi.

Lakini nikuambie jambo lililonigonga nikisoma swali lako. Tazama mwaka uliopigwa kwenye zile za mwanamke, mbele, chini ya picha pembeni. Tai akipaa nyuma ni za 2000 mpaka 2008. Yaani ulipopewa tayari ilikuwa na umri wa mtoto wa sekondari au zaidi, na bado ilikuwa inawaka! Miezi minane kwako imefanya kile ambacho miaka yote hiyo haikufanya. Kwa sababu Wamarekani wenyewe hawakuzitumia, wanapenda noti ya dola. Zililala kwenye mifuko benki kuu yao, kufikia 2011 zilikuwa zaidi ya bilioni moja zimelala, mpaka serikali ikasimamisha kupiga mpya za matumizi. Siku hizi zinapigwa chache za kuwauzia watu kama mimi. Mzee wako alizipata benki kwao zikiwa hazijashikwa na mtu. Ukitaka kuziona nyeusi kama zako kwa wingi nenda Ecuador, wao tangu 2000 pesa yao ni dola ya Marekani na yule mama na mtoto anazunguka sokoni kila siku, wanazipenda kuliko noti.

Yule mwanamke ni Sacagawea, wa kabila la Shoshone, na mtoto ni Jean Baptiste. Aliongozana na msafara wa Lewis na Clark uliovuka bara mpaka bahari ya magharibi miaka ya 1805 na 1806, mtoto mgongoni njia nzima. Picha yake halisi haikuwahi kuchorwa kwa hiyo msanii Glenna Goodacre alitumia uso wa binti wa Kishoshone wa siku hizi. Huyo mzee wa Kizungu ni rais mmojawapo, walianza na Washington 2007. Hiyo ya rais igeuze ubavuni utaona maandishi, mwaka umeandikwa huko. Kama ubavu ni mtupu kabisa hebu niambie, kwa sababu 2007 baadhi za Washington zilitoka kiwandani bila kupita kwa mashine ya maandishi na hizo zina bei.

Na Msema Kweli usikate tamaa, dola za Sacagawea za dhahabu kweli zilikuwepo. Zilipigwa chache za karati 22, na 12 kati yake zikapanda angani na chombo cha Columbia Julai 1999. Serikali ikazishika. Hazikuwahi kutumika kama pesa kwa hiyo hakuna aliyeshuka nayo Kilindini.


BiMwana_Makadara
Subhanallah mama kavuka bara na mtoto mgongoni kisha mimi nimempaka ukwaju usoni.

Sarafu wa Nyali nikuulize, nyanyangu alituachia reale moja ya zamani, kubwa, nzito, ina mama mnene kifua wazi na tai wa vichwa viwili nyuma. Hiyo nayo ni nyeusi kama sizi lakini weusi wake si kama wa hizi dola, una buluu kwa mbali. Hiyo nayo ni shaba?


SarafuZaZamani_Nyali
Bi Mwana usithubutu kuisogeza karibu na jiko! Hiyo ni ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Imeandikwa 1780 na zote zimeandikwa 1780 hata zilizopigwa miaka mingi baada ya yeye kufa, kwa sababu watu wa Bahari ya Shamu na pwani yetu walizoea sura ile hawakutaka nyingine. Gramu 28 na kidogo, fedha 833 kwa kila 1000, zilizobaki ni shaba. Wazungu waliiita thala na hilo neno dola lenyewe limezaliwa kutoka huko, kwa hiyo dola ilifika kwa nyanya zetu kabla ya huyu wa tuktuk.

Weusi wake ni wa salfa. Fedha haijali sana oksijeni ila ikikutana na salfa ya hewani, ya moshi, ya mayai, ya sufu, inageuka manjano, kisha buluu, kisha nyeusi. Ndio huo ubuluu. Ukiwa na pesa ya shaba ya kweli ya hapa kwetu, zile paisa zilizopigwa 1888 na ile kampuni ya Waingereza, zenye mizani na jina Mombasa, hizo ni kahawia kama chokoleti, na ni nzuri hivyo hivyo.


FundiKibokoni
Ndio maana kwa Kiswahili fedha ni ile metali na fedha ni pesa, na shaba ikabaki shaba. Nlikuwa mdogo mtu akileta reale kama hizo zinayeyushwa zinakuwa vikuku. Tumeyeyusha nyingi, Mungu atusamehe.


TuktukKisauni
Nashukuru sana wakuu, nimesoma yote nikiwa kwa foleni ya feri kidogo niachwe.

Majibu: ile ya rais ni James Monroe. Ubavuni kuna maandishi, nimesoma na tochi ya simu, herufi zimejaa uchafu mweusi kama kucha za fundi gari lakini 2008 inaonekana. Kwa hiyo bei hakuna, sawa. Zile tatu za mama Sacagawea zote ni 2000. Zote mwaka mmoja! Na ule mstari kweli uko pale pale mpira ulipopita, nimeuweka tena juu yake nikaona unalingana.

Sasa nizipeleke wapi? Benki hawataki, maduka ya kubadilisha pesa nimepita mawili nao wanataka noti peke yake, tena noti yenyewe isiwe imekunjwa.


MsemaKweliBamburi
Hapo sasa mimi ndiye profesa. Fanya wanavyofanya mabichi boi huku kwetu. Wao kila siku wanapewa sarafu za yuro ambazo hazibadilishiki, wanachofanya wanazikusanya, wakipata mtalii anayerudi kwao wanamuomba ampe noti achukue sarafu, na wengi wanakubali kwa sababu kwao ni pesa ile ile. Wewe subiri meli nyingine ya Wamarekani, uwe na tano upewe noti ya tano. Una nne, nakuuzia hii robo dola yangu kwa mara nne upate... hapana, hesabu imenikataa. Lakini wazo umelipata. Rangi isikutishe, dola nyeusi ni dola.


SarafuZaZamani_Nyali
Kabisa, thamani yake ni dola moja hata iwe nyeusi ti. Ila usiifunge tena na mpira, na usitie kwa vile vimifuko laini vya plastiki vinavyonuka kama pazia jipya la bafu, hiyo plastiki inatoa asidi baada ya muda na sarafu inaota utelezi wa kijani. Bahasha kavu, au kichupa chenye kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja ndani ya viatu vipya.


TuktukKisauni
Sawa mzee wangu. Nimemwendea mamangu nikamwambia lete ile yako tuchanganye zote nne nitafute mtu wa kubadilisha. Amekataa katakata. Nikamweleza si dhahabu, nikamwelekeza mpaka habari ya gramu 8 na gramu 18, akanisikiza vizuri akamaliza akaniuliza, "Wewe mikono umenawa?" Kisha akafunga kasha. Nimebaki na tatu, Monroe na dada zake wawili wa rangi ya chai.


MwalimuChumviNaSumaku
Mama anaijua kemia kuliko darasa langu lote la kidato cha tatu. Hizo tatu nakuomba ukipita shuleni kwetu Jumatatu niazime kwa kipindi kimoja, hasa ile yenye mstari. Nauli ya tuktuk nitalipa, kwa bob.